Mchezaji wa Chumba cha Nyuma

Mume wangu aliondoka Sydney kwenda Newala kumzika mama yake, akiwa na sanduku moja na tiketi ya kurudi baada ya wiki tatu. Korona ikamkuta huko, Australia ikafunga mipaka, na wiki tatu zikawa karibu miaka miwili. Sisi hatukujaliwa watoto. Kwa hiyo nyumba tuliyopanga pale Rooty Hill, vyumba vitatu na gereji, ikabaki na mtu mmoja. Nikienda kazini nilikuwa naiacha redio inaongea jikoni, ili nikirudi nikute sauti.

Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee, na mpaka leo ndiyo hiyo hiyo. Siku nzima niliongea na watu nyuma ya barakoa, kisha narudi nyumbani nampigia mume wangu. Mwanzoni tuliongea saa nzima. Baadaye dakika ishirini. Ilifika mahali ananiambia mvua imenyesha, namwambia huku baridi, halafu tunasikilizana tukipumua.

Ndipo dada mmoja Mkenya tunayesali naye, nesi, akanipigia simu. Alikuwa anajitolea kutoa huduma ya kwanza kwenye klabu moja ya mpira wa kikapu huku magharibi mwa Sydney.

"Dada, si wewe uliniambia unaongea Kireno?"

"Naongea. Cha zamani, lakini naongea."

"Basi Mungu ni mwema. Kuna msichana hapa klabuni, mchezaji, ametoka Brazil. Ligi imefutwa hata kabla ianze, na nyumba alikuwa amewekwa, mwenye nyumba anaitaka. Ndege za kwao hakuna. Na Kiingereza chake, woi, ni cha kuomba maji tu. Huna chumba?"

Kireno changu nilikipata utotoni. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na nilipokuwa na miaka saba alituvusha Ruvuma kwenda Pemba, ile ya Msumbiji, siyo ya Zanzibar. Nilisoma huko mpaka nikawa msichana mkubwa. Tangu nihamie Australia sikuwa nimekitumia hata kwa kuota. Nikamwambia dada yule amlete.

Nilitegemea msichana. Aliyefika alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, na aliposhuka kwenye gari aliendelea kushuka mpaka nikadhani hamalizi. Urefu wake ulikuwa mita moja na sentimita themanini na tisa. Alinipa mkono, akakumbuka kwamba mikono imepigwa marufuku, akaurudisha, kisha akasema kwa Kireno, "Samahani kwa usumbufu, mama."

"Usiniite mama. Kule nilikokulia dada mkubwa tunamwita *mana*."

Akacheka. Alisema kwao hilo ni neno la wasichana wa mtaani, wanaitana hivyo vibarazani. Akaniita *mana* tangu siku hiyo, na mimi nikawa namwita mdogo wangu, ingawa nikitaka kumtazama usoni nilinyanyua shingo.

Nilimpa chumba cha nyuma, kinachotazama uani. Kitanda hakikumtosha, kwa hiyo tulilaza godoro sakafuni na kuweka stuli yenye mto upande wa miguu. Wiki ya kwanza alijigonga mara tatu kwenye kabati la juu ya jiko, mpaka nikalifunga sponji ya kuoshea vyombo kwenye ncha. Alikuwa msafi na mwenye haya. Alifua jezi zake kwa mkono na kuzianika kwa ndani, eti upepo wa huku unachakaza rangi. Kila jioni alikaa jikoni, mguu wa kulia juu ya kiti, pakiti ya njegere za kwenye friza juu ya goti. Mimi napika, yeye anagandisha goti lake. Hivyo ndivyo nilivyoyasikia maisha yake, kipande kipande, kati ya kitunguu na nyanya.

Alizaliwa mji mdogo wa bara, katikati ya mashamba ya miwa. Baba yake aliendesha trekta kwenye kiwanda cha sukari. Akiwa na miaka kumi na tatu alikuwa ameshawapita walimu wake kwa urefu, na shuleni alitembea amejikunja ili asionekane. Siku moja kocha wa mji mwingine akaja kutazama wasichana, akamwambia, "Simama wima." Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo kwa wema. Mwaka uliofuata akahama kwao, akaenda kuishi bweni la klabu na wasichana kumi na wawili. Tangu hapo hakuwa amerudi tena kuishi nyumbani.

Kazi yake uwanjani ilikuwa chini ya kikapu, kugombea mipira iliyokosa goli. Aliniambia kwamba watazamaji huwa wanamwangalia aliyefunga, hawamwangalii aliyeurudisha mpira kwanza. Alicheza São Paulo, akacheza Ureno misimu miwili, Hungaria msimu mmoja, Uturuki miwili. Jezi ya taifa aliivaa mara sita, na mara zote sita alizitaja moja moja, dhidi ya nani na mvua ilinyesha au haikunyesha.

"Ulikuwa na marafiki huko?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Nilikuwa na timu. Msimu ukiisha timu inaondoka."

Aliniambia Sydney alikuja kumalizia. Alitaka misimu miwili mizuri mahali penye jua, halafu aache mwenyewe, kwa hiari yake, kabla hajaambiwa. Msimu wa kwanza haukuchezwa hata siku moja. Klabu wakamwomba asubiri. Alisubiri mwaka mzima katika chumba cha nyuma, akikimbia asubuhi kuzunguka mitaa yetu, watoto wakisimama kumkodolea macho.

Mwaka uliofuata ligi ikaanza, na nyumba yangu ikabadilika. Alirudi mazoezini analegea kwa uchovu na anaimba. Alikula kama watu watatu. Mechi zilikuwa Jumamosi, nami Jumamosi nilikuwa kazini. Wenzangu wenye watoto waliomba siku hiyo wapumzike, na mimi sikuwa na sababu ya kukataa, kwa kuwa sikuwa na wa kukaa naye. Kila Ijumaa aliniuliza, "Kesho utakuja, *mana*?" Nami kila Ijumaa nilimwambia wiki ijayo.

Nakumbuka Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi wa sita. Aliingia saa kumi na moja jioni, kidole cha kati kimevimba, akala wali na maharage akiwa amesimama.

"Vipi?"

"Tumeshinda. Nimerudisha mipira kumi na minne."

"Vizuri," nikasema. Kisha nikamuuliza kama amefunga geti.

Hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho. Yeye hakujua, mimi sikujua, hata refa aliyepuliza filimbi ya mwisho hakujua. Kabla ya Jumamosi nyingine tukaambiwa kila mtu abaki nyumbani, na upande wetu wa magharibi ndiko kulikobanwa zaidi. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa yetu. Ruhusa ilikuwa kutoka kwa kazi maalumu, kununua chakula, na mazoezi kwa muda mfupi karibu na nyumbani. Ligi ikaahirishwa, kisha ikafutwa kwa barua pepe. Nilimtafsiria mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimsomee tena sentensi ya pili, halafu akaenda chumbani.

Siku chache baadaye tulitoka wote kutembea. Kuna bustani umbali wa mitaa minne, yenye kiwanja cha saruji na magoli mawili, na alikuwa amebeba mpira kwapani. Tulipofika tukakuta halmashauri wameshatuma mafundi wakafungua ringi zote mbili, watu wasikusanyike. Zilibaki mbao nyeupe juu ya nguzo. Alisimama chini ya moja, akaruka, akagusa ubao chini ya yale matundu manne ya nati. Gari la polisi likapita polepole. Nikamwambia twende.

Akahamia gereji. Asubuhi alidunda mpira, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, chini, juu, nami nikioga nilisikia nyumba nzima inapiga kama moyo. Siku ya nne, mama wa jirani, Mkongo wa Uvira, akaniita kwenye uzio. Alikuwa anafanya kazi usiku kwenye ghala la vyakula, na uso wake ulikuwa umechoka kweli.

"Mama, mimi nakuomba, ile mpira ikuwe inapigwa polepole. Mimi nalalaka muchana. Kazi ya usiku iko mbaya."

"Pole sana, dada. Nitamwambia."

"Si kwa ubaya, eh? Mimi nasikiaka huruma juu yake. Muntu murefu vile, kufungiwa mu nyumba."

Nilimwambia mdogo wangu aupunguze kidogo, au abadilishe saa. Akasema sawa. Jioni nilimkuta ameketi kwenye godoro lake, ameingiza sindano kwenye mpira, anautoa upepo. Aliukandamiza kwa goti lake zima mpaka ukalala bapa, akaukunja, akauweka chini kabisa ya sanduku. Nilirudi jikoni nikamenya viazi, vingi kuliko tulivyohitaji.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza vibaya kuliko nilipokuwa peke yangu. Nilipokuwa peke yangu ukimya ulikuwa wangu. Sasa kulikuwa na ukimya wa mtu mwingine nyuma ya mlango, na sikujua niugongeje. Aliacha kukimbia, hata njegere akaacha kuzitoa kwenye friza. Nikirudi kazini nilimkuta amevaa nguo zile zile za jana, simu mkononi, anaangalia mechi za zamani bila sauti. Nilimwita tule, akaja, akala, akashukuru. Wakati mwingine nilijikuta nakasirika. Nilikuwa nahudumia wazee ishirini kwa siku na sikutaka wa ishirini na moja nyumbani. Hilo sikumwambia, lakini nadhani alilihisi, kwa sababu alianza kuosha vyombo kabla sijamaliza kula.

Kazini tulikuwa tumepungukiwa watu. Wengine waliugua, wengine walizuiliwa nyumbani kwa kuwa karibu na wagonjwa. Serikali ikawaruhusu wenye viza za muda kama yake kufanya kazi katika nyumba za wazee. Msimamizi wetu, mwanamke mfupi mwenye haraka, akatuuliza kama tunamjua yeyote. Nilipofika nyumbani nikagonga mlango wa chumba cha nyuma.

"Unaweza kutandika kitanda?"

"Nimelala vitanda vya nchi tano," akajibu. "Naweza kuvitandika."

Akachanjwa, akafundishwa siku mbili, akapewa sare. Suruali ilimfika katikati ya muundi. Aliwekwa upande wa usafi: kutandika, kukusanya shuka, kupeleka chakula milangoni. Asubuhi tulikwenda pamoja kwa gari langu, madirisha wazi kwa amri, baridi ikitukata masikio.

Wiki ya pili akapata onyo. Alikuwa mwisho wa ukumbi na bonge la shuka chafu, na kapu la magurudumu lilikuwa mbali, kama hatua kumi. Mabibi wawili walikuwa wameketi milangoni kwao wakitazama, hawana la kufanya. Akalifunga lile bonge vizuri, akakunja magoti, akalirusha. Liliingia katikati ya kapu bila kugusa ukingo. Bibi mmoja akapiga makofi. Msimamizi akatokea kona ile ile, akasema shuka chafu hazirushwi, zinatawanya vijidudu, na kwamba hapa si mahali pa mchezo. Alikuwa na haki. Mimi ndiye niliyeitwa kutafsiri, na nilitafsiri nusu tu. Lakini ile nusu nyingine aliielewa kwa macho. Ndani ya gari, wakati wa kurudi, alisema, "Miaka kumi na minane, sijawahi kukemewa kwa kufunga." Akacheka, na kicheko kikageuka. Nikasimamisha gari kando ya barabara, nikazima injini, nikamwacha alie. Sikumgusa. Miaka ile tulikuwa tumesahau namna ya kugusa watu.

Pale kazini kulikuwa na bibi mmoja ambaye akili yake ilikuwa inakwenda na kurudi. Alituogopa. Ungemshangaa? Sote tulivaa gauni za plastiki, barakoa, miwani, na ngao ya uso juu yake. Mimi mwenyewe sikuwatambua wenzangu. Alifunga mdomo tukimpelekea kijiko, akasema ametekwa. Binti yake aliruhusiwa kuja dirishani tu, upande wa nje, na bibi alimtazama kama picha. Lakini mdogo wangu akiingia, bibi alitulia.

"Huyu namjua," alisema. "Huyu ni yule mrefu. Una urefu gani, mpenzi?"

Kila siku aliuliza, kila siku amesahau. Mdogo wangu, kwa Kiingereza chake ambacho kilikuwa kimeanza kukua, alimjibu kila siku urefu mwingine. Mita mbili. Mita mbili na nusu. Mita tatu, leo nimekua. Bibi alicheka, na akiwa anacheka anafungua mdomo, na kijiko kinaingia. Basi ikawa bibi akikataa kula tunamtafuta yule mrefu. Hata msimamizi alisimama mlangoni siku moja akatazama, akaondoka.

"Unajua," aliniambia tukiwa kwenye maegesho, tunavua ngao na kuzipangusa dawa, "tangu niache uwanja, huyu ndiye wa kwanza kujua ni mimi nikiingia."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia najua akiingia, kwamba nasikia anavyoinamisha kichwa mlangoni hata kama sijageuka. Lakini nilimaliza kupangusa ngao yangu, nikasema twende kabla ya foleni.

Bibi yule alifariki mwezi wa tisa, si kwa korona, kwa uzee wake. Ilikuwa asubuhi, na binti yake alipewa ruhusa kuingia akiwa amevalishwa kama sisi. Mdogo wangu ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kufunga kamba za gauni mgongoni. Kisha akatoka akasimama ukumbini, wima kabisa, mpaka binti alipotoka.

Wiki ile ile akapigiwa simu na kocha wake wa zamani, yule wa "simama wima." Sasa alikuwa mzee. Klabu yake ndogo ilitaka kuanzisha timu ya wasichana katika mji wa miwa alikozaliwa mdogo wangu, na hawakuwa na mwalimu. Waliongea muda mrefu. Nilikuwa naosha vyombo. Alipokuja jikoni alichukua kitambaa, akakausha sahani mbili.

"Anataka nikafundishe. Nimemuuliza kama anadhani bado naweza kucheza msimu mmoja. Akanyamaza." Akaweka sahani chini. "Basi. Nimemaliza, *mana*. Nilitaka kuijua ile siku. Nilitaka nivue viatu nikijua. Ile Jumamosi nilikuwa na haraka ya kuwahi treni, sikuwaaga hata wenzangu."

Kireno hakina neno *pole*. Kina samahani, kina nasikitika, lakini hakina neno la kumpa mtu kwa jambo ambalo si kosa la yeyote. Nikamwambia kwa Kiswahili.

"Pole, mdogo wangu. Na mimi nisamehe. Sikuja hata siku moja."

"Najua," akasema. Hakusema si kitu. Nilimshukuru moyoni kwa kutonidanganya.

Ndege zilipoanza kupatikana, mwezi wa kumi na moja, akapata nafasi. Nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Ukumbi wa kuondokea ulikuwa mtupu, maduka yamefungwa, na hatua zake zilisikika mbali. Kwenye mstari wa ukaguzi akainama, akanikumbatia na barakoa yake, kidevu chake kikakaa juu ya kilemba changu. Ilikuwa mara ya kwanza kushikwa na mtu tangu mume wangu aondoke. Nilirudi nyumbani nikaifungua ile sponji kwenye kabati. Nikakaa.

Mume wangu alifika wiki tatu baadaye. Wiki zile tatu nilizipitisha peke yangu, na zilikuwa ndefu kuliko miaka yote miwili. Alikuja amekonda, mvi zimejaa pembeni. Tulikuwa na adabu sana, kama watu waliokaa kiti kimoja kwenye safari. Aliniuliza funguo ziko wapi, sukari iko wapi. Nikimweleza habari za kazini alitikisa kichwa, akinieleza habari za shamba na ndugu na mimi nilitikisa kichwa. Sasa ni afadhali. Tunacheka. Lakini kuna chumba cha miaka miwili katikati yetu, na kila mmoja anacho cha kwake, hatujui namna ya kukaribishana.

Mdogo wangu na mimi tunapigiana Jumapili, asubuhi kwangu, kwake ni jioni ya Jumamosi. Si kila Jumapili. Ana wasichana kumi na mmoja. Analalamika kwamba hawapendi kugombea mpira, wanataka kufunga tu. Anakaa kwa mama yake, na baba alishafariki.

"Umefurahi kuwa nyumbani?" nilimuuliza mwaka jana.

"Hapa nilizaliwa," akasema, "lakini niliondoka na miaka kumi na minne. Mwenye duka la mkate ananiuliza nimetokea wapi. Naanza kumweleza, halafu nanyamaza, natoka na mkate wangu. Na wewe? Mumeo yupo?"

"Yupo. Yuko sebuleni."

"Basi ni vizuri."

"Ni vizuri," nikasema.

Nikasikia mvua kwa upande wake, mvua kubwa ya kwenye bati. Akasema ngoja, madirisha ya ukumbi wa mazoezi yako wazi, sakafu italowa na wasichana watateleza. Akakata simu akaenda kuyafunga.